Jina Nililompa Mbwa

Watu husema familia isiyokula nyama haina gharama. Wanaosema hivyo hawajawahi kuishi Musoma. Hapa chakula cha maskini kinatoka ziwani: dagaa wa kupimiwa kwa kikopo, furu, vichwa vya sangara. Anayekataa samaki Musoma amejitangazia utajiri bila kuwa nao, maana anabaki na maharage, na maharage tangu biashara ilipofunguliwa yanapanda malori kwenda mpakani Sirari kabla hata hatujayaona sokoni. Karanga ndiyo hivyo hivyo. Mafuta ya kupikia usiyaseme.

Nyumbani kwetu Kigera hatukula nyama, wala samaki, wala maziwa, wala mayai. Mume wangu, Eliasi Mniko, aliweka nadhiri hiyo mwaka themanini na tisa kwenye makambi ya kanisa, baada ya kuugua tumbo miezi minne. Sisi ni Wasabato. Wasabato wengi wa Mara wanakula sato wao vizuri na kunywa maziwa, lakini Eliasi akiingia majini haishii magotini. Mhubiri alifundisha juu ya afya, Eliasi akasimama mbele ya watu akasema nyumba yake haitaonja tena kitu chenye damu wala kilichotoka kwa chenye damu. Tumbo lilipona, siwezi kulikana hilo. Mimi, mtoto wa mvuvi wa Majita niliyeota meno kwa furu, niliosha vyungu vyangu kwa majivu na kuanza kujifunza mapishi ya choroko.

Ninayoyasimulia ni ya mwisho wa mwaka tisini na nne, wakati cherehani yangu ilipokuwa rehani Bunda. Lakini siwezi kuifikia cherehani kabla sijasema habari za mbwa.

Kwetu mtu mwenye neno na jirani yake si lazima alipeleke mlangoni kwake. Hufuga mbwa, akampa lile neno liwe jina, na jioni akasimama uani akamwita kwa sauti. Jirani anasikia. Hawezi kuja kugomba, maana nani atamshitaki mtu kwa kumwita mbwa wake ale? Kigera nimesikia mbwa anaitwa Mtachoka. Nimesikia mwingine anaitwa Yenu Macho. Wetu aliitwa Sikopi.

Jina hilo nilimpa mimi. Nalisema mapema kwa sababu mtaa mzima ulijua kwamba ni Eliasi, nami sikuwahi kumsahihisha mtu. Mbwa ni wa mwenye mji, na mwenye mji ni mwanamume. Ndivyo watu wanavyohesabu. Ulikuwa mwaka themanini na saba. Eliasi alikuwa mtunza stoo wa duka la ushirika, miaka ile sukari ikiwa ya foleni na sabuni ya kipande kwa kila kaya. Jirani yetu, Alfonsi, alikuwa kibarua wa kupakia malori, ana watoto sita, na kila jioni mmoja wao alisimama mlangoni kwangu na kikopo. Leo sukari, kesho chumvi, keshokutwa mafuta ya taa. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kwa Alfonsi hata hayo matanga yalikuwa hayafiki. Nilikuwa na mimba ya Dorkasi, miguu imevimba, sina subira ya mtu. Kaka yangu Renatus akaniletea kitoto cha mbwa, na jioni ile ile nikasimama uani nikaita: Sikopi, Sikopi, njoo ule!

Kuanzia kesho yake vikopo havikuja tena. Jioni ile ya kwanza Eliasi aliporudi kutoka kazini alinisikia nikiita, akaniuliza kama hilo ndilo jina nililochagua. Nikasema ndilo. Akasema jina la mbwa ni gumu kuvua, akanawa mikono, tukala.

Basi dunia ikageuka. Biashara ilipoachwa huru, Alfonsi aliacha kupakia malori ya watu akaanza kupakia ya kwake: dengu, choroko, maharage, kisha mabelo ya mitumba. Alihamia Bunda akafungua duka kubwa mtaa wa Manyamanyama, na ile nyumba jirani yetu akaipangisha. Sisi tulikwenda upande wa pili wa mzani. Mwaka tisini na tatu Eliasi alipunguzwa kazi pamoja na wenzake kumi na wanane, akapewa barua na bahasha isiyomaliza miezi mitatu. Alikwenda Bunda kumwomba Alfonsi kazi ya stoo, akarudi siku hiyo hiyo akasema hakuna kazi. Nilimwambia hakujua kuomba. Nilimwambia mtu asiyejua kuinamisha shingo atakula majani maisha yake yote. Aliendelea kuchambua mlenda, na hilo lilinichoma zaidi ya jibu.

Mwaka uliofuata binti yetu mkubwa, Nyamburi, akachaguliwa kwenda sekondari ya bweni. Ada, godoro, ndoo, sanduku, jembe, fyekeo. Nikaenda mimi mwenyewe Bunda. Alfonsi alinipokea kwa soda. Akasema, mama Nyamburi, wewe sina neno na wewe, wewe ulikuwaga mtu mzuri. Akanikopesha shilingi elfu thelathini kwa rehani ya cherehani. Nilikunywa soda yake nikisikia haya mpaka kwenye vidole vya miguu, lakini niliimaliza. Agosti ilipita hatujalipa, na Septemba gari lake likaja kuchukua cherehani. Alisema ataiweka mpaka mwisho wa Desemba, kisha ataiuza.

Cherehani ile ni ya kukanyaga kwa miguu. Niliinunua kwa miaka mitatu ya kushona kwa mkono. Mitumba ilikuwa imeua ushonaji wa magauni, lakini sare za shule mitumba haiziwezi, na nilikuwa nimepokea kazi ya sare thelathini na mbili za kuvaliwa Januari. Vitambaa vilikuwa vimekunjwa juu ya kabati. Nikikosa msimu ule, wazazi watakwenda kwa fundi mwingine na hawatarudi, na Nyamburi atarudi nyumbani na sanduku lake. Hilo ndilo lililokuwa likinizungusha uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tukaanza kubana. Sukari tuliiaga, tukanywa mchaichai mtupu. Choroko niliziloweka tangu jioni ziive kwa nusu ya mkaa, na maharage, siku yalipopatikana, niliyatia magadi yawahi kulainika. Unga ulikuwa wa muhogo uliochanganywa na mtama. Taa ilikuwa moja, inatuhama kutoka chumba hadi chumba. Dorkasi alivaa viatu vya matairi, akasema vinamwumiza, nikamwambia atavizoea. Kila nilichobana nilikitia kwenye kopo la maziwa ya unga ambalo tulipewa na mtu likiwa tupu.

Jioni moja Eliasi alikaa na daftari, maana mtunza stoo haachi utunzaji wake hata akipokonywa stoo. Akasoma orodha akafika kwenye vichwa vya samaki vya mbwa na paka. Zamani vichwa vilikuwa vya bure. Unakwenda mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, na ndoo yako, unaokota. Tangu minofu ilipoanza kununuliwa na wenye viwanda, watu walibaki kula vichwa na mifupa, na kichwa kikawa na bei. Nilidhani Eliasi anataka kupunguza. Kumbe alikuwa na fundisho. Akasema pesa iliyonunua samaki imekula samaki, na kwamba kwa miaka mitano tumekuwa tukivunja nadhiri kwa mdomo wa mbwa.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kuanzia kesho yake Sikopi alipewa ugali wa muhogo na mlenda, na paka wetu wawili walipewa hivyo hivyo. Paka walinusa mara moja wakahamia kwa Pelagia, mjane wa nyumba ya tatu anayeanika dagaa. Paka hana dini. Sikopi alibaki, mbwa mtiifu yule, alikula mlenda huku akituangalia kana kwamba anasubiri sehemu ya pili ya chakula. Ndani ya wiki tatu mbavu zake zilihesabika.

Katikati ya Novemba tulikwenda Butiama kwa mama mkwe kutafuta nafaka. Bibi Benedikta ni Mkatoliki wa zamani, mfugaji, hana muda na nadhiri za watu. Alimwekea Dorkasi kibuyu cha maziwa, Eliasi akakirudisha kwa heshima, naye bibi akakaa na kibuyu chake mapajani kama mtu aliyerudishiwa posa. Hata hivyo alitupa debe mbili za mtama na gunia dogo la dengu. Kisha akasikia habari za cherehani. Akanyanyuka, akatoa zizini beberu mnene, akampa Eliasi kamba. Akasema auzwe.

Nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu. Beberu yule Musoma angeleta elfu kumi na mbili bila ubishi, na kopo letu lilikuwa na elfu kumi na tisa. Cherehani ilikuwa imekwisha kurudi, naiona dirishani. Eliasi akasema asante mama, lakini nikimuuza kwa mchinjaji nitakuwa nimekula nyama kwa mkono wa mtu mwingine. Akarudisha kamba.

"Mwanangu," mama yake akasema, "mimi nimekupa mbuzi. Bucha sijaitaja."

Eliasi akajitwika mtama. Njia nzima ya kwenda kituo cha gari sikumsemesha. Nilikuwa na hasira hata ya kutembea karibu naye. Nilitangulia, nikachoka, nikamsubiri, alipofika nikatangulia tena. Nilijiuliza ni Mungu gani anayetaka mtoto atolewe shuleni ili beberu aishi.

Mungu au si Mungu, jibu lilikuja kwa miguu minne. Wiki mbili baadaye Pelagia alisimama mlangoni kwetu asubuhi, hana salamu. Alikuwa ameanika dagaa juu ya nyavu, mtaji wa watu wawili, naye Sikopi amekula kiasi cha kushiba na kilichobaki amekikanyaga, amekilalia, amekitapikia. Paka wetu, waliohamia kule kihalali, walisaidia. Mtaa ukakusanyika. Mtu mmoja akasema kwa sauti ya chini inayosikika kwamba Wasabato wamepata ujanja: mbwa anakwenda kuchukua, wenyewe wanakula gizani. Dorkasi alisikia, akaanza kulia. Eliasi aliingia ndani, akatoka na kopo, akahesabu shilingi elfu sita mbele ya watu wote, akampa Pelagia, akamwomba radhi. Pelagia mwenyewe alikuwa amefikiria elfu nne. Alisema hivyo baadaye, alipoona uso wangu.

Kopo likabaki na elfu kumi na tatu, na Desemba ilikuwa imebakiza siku mbili iingie.

Jumapili hiyo Alfonsi alikuja Kigera kuchukua kodi ya nyumba yake. Alikuwa amenenepa, ana kofia ya kaki na peni tatu mfukoni. Alisimama kwenye ua wetu, akamwangalia Sikopi aliyelala kivulini na mbavu zake. Akamwangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema maneno ambayo niliyasikia vizuri nikiwa jikoni.

"Nipeni mbwa huyo. Nampeleka dukani kwangu. Deni nafuta lote, cherehani mnaichukua."

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi. Elfu thelathini kwa mbwa aliyekonda, anayeiba dagaa! Nilielewa anachotaka. Anataka kusimama mbele ya wateja wake kila jioni, amwite mbwa wa Eliasi kwa jina lake, watu waulize, naye asimulie. Iwe hivyo. Jina halijawahi kuvunja mfupa wa mtu. Nilimtazama Eliasi nikiwa nimekwisha kusema ndiyo moyoni.

"Mbwa huyu haendi kwako," Eliasi akasema.

Alfonsi akauliza kwa nini. Eliasi akasema tu, haendi. Alfonsi akacheka, akasema mlango wa duka uko wazi mpaka mwisho wa mwezi, akaenda zake. Usiku huo nilimwambia mume wangu kila neno nililokuwa nimelibana pamoja na sukari. Nilimwambia ana kiburi kuliko ufukara wake. Nilimwambia alinikatalia mbuzi kwa ajili ya Mungu, sasa ananikatalia mbwa kwa ajili ya nani? Alisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema, "Mbwa akienda kule, maneno hayataisha. Yataanza." Nikaona ndiyo hicho kiburi chenyewe, anaogopa kuchekwa.

Nilivumilia siku kumi na moja. Sikuweza kukaa. Nilifagia ua uliofagiliwa. Nilikunjua vitambaa vya sare, nikavikata vyote, nikavipanga vipande kwa vipande, na nilipomaliza kukata hapakuwa na kitu kingine ambacho mikono yangu ingeweza kufanya. Mzazi mmoja akaja kuuliza kama ataona sare ya mwanawe kabla ya Krismasi. Nikamwambia ataiona.

Ijumaa alfajiri Eliasi alikwenda shamba. Nikamfunga Sikopi kamba shingoni, nikampa Dorkasi uji, nikamwambia nakwenda kutafuta dawa ya mbwa. Uongo huo nao ni wangu. Stendi nilimpata dereva wa pikapu, Mseti, aliyekuwa akienda Bunda kuchukua pumba na kurudi siku ile ile. Alimtoza mbwa nauli ya gunia. Nilikaa nyuma, Sikopi amelaza kidevu kwenye paja langu, na kila gari liliposimama nilitaka kushuka, na kila lilipoondoka nilitaka liende kasi. Nilimsisitiza Mseti kwamba lazima niwe nyumbani kabla ya jua kuzama, kwa sababu Sabato inaanza. Akasema Sabato yangu itategemea tairi zake.

Duka la Alfonsi lilikuwa na watu wengi, wanunuzi wa jumla, wanawake wa maharage, wapagazi. Aliponiona na kamba mkononi alisimama. Akawaambia vijana wake watoe cherehani stoo waipandishe kwenye pikapu, kichwa chake na meza yake, wafunge vizuri. Akachana karatasi ya deni mbele yangu vipande vinne. Nilijua nimefanya sawa, na Eliasi atakasirika, na hasira itapita.

Kisha Alfonsi akanivutia kigoda, akakaa na yeye kwenye gunia la dengu, akaanza kusema kwa sauti ya kawaida.

"Unajua, mama Nyamburi, jioni ile nilikuwa nyuma ya ua wenu. Nilikuwa nimepata kibarua cha pamba wiki nzima. Nina kilo mbili za sukari na chumvi na chupa ya mafuta. Nakuja kulipa yote kwa mara moja. Ndiyo nikasikia mbwa anaitwa."

Akasema sauti aliyoisikia ni yangu, lakini hakunihesabia, kwa kuwa mwanamke huita jina alilolikuta. Alirudi nyumbani na sukari yake. Kesho yake alimfuata Eliasi dukani, foleni imejaa watu, akamuuliza mbele yao kama lile jina ni la kwake.

"Akasema ndiyo, limetoka kwangu, unisamehe. Basi. Na mwaka jana alipokujaga hapa kuomba kazi nikamuuliza tena. Mimi stoo yangu inahitaji mtu kama yule. Miaka yote ile alikaaga na sukari ya wilaya hakulamba. Nikamwambia, Eliasi, sema tu ulikuwa utani. Sema hata ni mke wako, mimi nitaelewa, wanawake wanakuwaga na maneno. Sema nikupe funguo leo. Akasema ni yeye."

Vijana walikuwa wakikaza kamba kwenye pikapu. Mseti alipiga honi mara moja.

Mdomo wangu ulifunguka. Neno lilikuwa hapa, juu ya ulimi, maneno matatu tu: jina nilimpa mimi. Nilijua yakitoka Eliasi ana kazi. Nilijua pia karatasi iliyochanwa inaweza kuandikwa upya, na vijana waliopandisha cherehani wanaweza kuishusha, kwa sababu mtu huyu amelipa elfu thelathini kumnunua mbwa wa Eliasi, na kama jina ni langu, mbwa wa Eliasi hayupo. Niliona vipande vya sare kitandani. Nilimwona Nyamburi na sanduku. Honi ililia mara ya pili.

Nikasema asante sana, baba.

"Mwite aingie ndani," Alfonsi akasema. "Mimi hanijui."

Sikopi alikuwa amekaza miguu mlangoni, kamba haimvuti. Watu walikuwa wakitazama. Nikaingia ndani mimi, nikapita katikati ya magunia mpaka mlango wa nyuma, nikamwita kwa jina lake. Alikuja mbio, mkia unapiga watu magotini. Mtu akauliza anaitwaje, akarudiwa jina, wakacheka. Alfonsi hakucheka. Nilimwachia kamba nikatoka kwa kuzunguka nje, nisipite tena mbele ya mbwa.

Tulifika Kigera jua liko juu ya ziwa kiasi cha mkono. Eliasi alikuwa mlangoni. Aliangalia pikapu, akaangalia kamba ambayo haipo, akaja akashika upande mmoja wa cherehani, Mseti upande wa pili, wakaiingiza ndani. Dorkasi ndiye aliyeuliza, nikamwambia Sikopi amepata kazi Bunda. Jua likazama. Eliasi akatufungulia Sabato kwa sala, na katika sala yake hakutaja cherehani wala mbwa.

Sabato ile sitaisahau. Kazi ni marufuku, kuuza ni marufuku, safari ni marufuku. Cherehani ilikaa pale katikati ya chumba, vipande vya sare pembeni, nami siruhusiwi kuigusa, siruhusiwi hata kukimbilia chombo cha kuosha. Kanisani akina mama walinipongeza, wakasema Bwana amenirudishia. Nilitaka kutoka, nikabaki. Mchana tulikula kiporo cha dengu. Eliasi alikaa kwenye kigoda chake, mimi nikakaa, nikasimama, nikakaa. Jua lilipoanza kushuka ndipo aliponiuliza.

"Alfonsi alikwambia?"

Nikasema aliniambia.

"Na wewe ulimwambiaje?"

Niliinua mkono nikaonyesha cherehani. Aliitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena. Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote ile, kwa nini hakusema hata siku ya kuomba kazi, nikiwa namtukana humu ndani kwamba hajui kuomba.

"Ulikuwa na mimba," akasema. "Nimwambie aje kukugomba wewe? Na neno nikishalisema mbele ya foleni, nalirudishaje?"

Nilisubiri aniambie niende Bunda Jumatatu nikalimalize. Kama angesema ningekwenda; mpaka leo najiambia ningekwenda. Hakusema. Jua likazama, akasali sala ya kufunga Sabato, akawasha taa yetu moja akaileta karibu na cherehani. Akatia mafuta kwenye matundu yote, akafuta meza kwa shati lake la kazini la zamani, akanivutia kigoda.

"Sabato imeisha, mama Nyamburi," akasema. "Shona."

Nilishona. Sare zote thelathini na mbili zilikuwa tayari kabla ya shule kufunguliwa, na wazazi walisifu mishono. Nyamburi yuko kidato cha pili. Mseti aliniambia kwamba stoo ya Manyamanyama ilipata mtu kutoka Kisorya, na kwamba mbwa amenenepa. Eliasi yuko nyumbani, anachambua mlenda.